Tovuti yaporomoka kwenye Google baada ya linki za uchafu: kabla ya kulaumu adui, angalia tarehe

Tuchukue mfano wa hoteli ndogo ya kando ya Ziwa Kivu. Mtu akitafuta chumba Bukavu kwenye Google, hoteli hiyo ilikuwa inatokea ya pili au ya tatu. Sasa iko kwenye ukurasa wa nne, mahali ambapo karibu hakuna mtu anafika, hasa kwa nchi ambayo kila ukurasa unafunguliwa kwa mega za kununua. Simu za wateja zinapungua. Fundi anaitwa, anafungua orodha ya tovuti zinazoelekeza watu kwa ile ya hoteli, na anakuta mamia ya anwani ambazo hakuna anayezifahamu: kasino, picha za ngono, dawa za kuongeza nguvu za kiume, kurasa za lugha ambazo hakuna mtu hotelini anaweza kuzisoma. Neno la kwanza linalotoka mdomoni ni moja: tumepigwa.

Pengine ni kweli. Pengine siyo. Na jibu la swali hilo ndilo linaamua kama tovuti itarudi ndani ya wiki chache, au itazidi kuzama kwa mikono ya mwenyewe.

Linki ni kama kura

Shambulio la namna hii linaeleweka vizuri mtu akirudi mwaka 1998. Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walijenga Google juu ya wazo moja: tovuti inapoweka linki kwenda kwa nyingine, ni kama inaipigia kura. Kura ya tovuti inayoheshimika ina uzito kuliko kura ya tovuti isiyojulikana. Mwenye kura nyingi za uzito anapanda juu.

Penye kura hapakosi wizi wa kura, jambo ambalo sisi hapa Congo hatuhitaji kufundishwa. Yakazaliwa mashamba ya linki, yaani maelfu ya kurasa tupu ambazo kazi yake ni kuelekeza kwingine. Zikazaliwa programu zinazobandika linki chini ya makala za watu usiku kucha. Wafanyabiashara wakanunua.

Mwezi wa pili mwaka 2011, gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka kubwa la Marekani, JC Penney, lilikuwa linaongoza kwenye Google kwa maneno mengi ya biashara kwa sababu ya linki zilizopandikizwa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na bidhaa zake. Google ilichukua hatua. Kwa maneno 59 ambayo gazeti lilifuatilia, nafasi ya wastani ya duka hilo ilikuwa 1,3 tarehe 1 mwezi wa pili. Tarehe 10 ilikuwa 52. Kampuni ilisema haikuamuru linki hizo, ikaachana na wataalamu waliokuwa wanaishughulikia. Kesi hiyo ilionyesha jambo ambalo bado linasumbua: linki ikiisha kuwekwa, si rahisi kuthibitisha ni nani aliiweka.

Tarehe 24 mwezi wa nne mwaka 2012, Google ilianzisha kanuni mpya ya kompyuta iliyoitwa Penguin, ya kushusha tovuti zenye linki za udanganyifu. Kampuni ilikadiria kwamba itagusa karibu asilimia 3,1 ya utafutaji wa lugha ya Kiingereza. Hapo watu wenye roho mbaya wakafanya hesabu nyepesi: kama linki chafu zinamshusha anayezinunua, kwa nini nisizinunue kwa jina la mshindani wangu? Biashara ya kuchafuana ilikuwa inajulikana tangu mbeleni, lakini Penguin iliipa nguvu mpya.

Kipindi hicho kilikuwa kigumu kweli. Tovuti iliyoshushwa, hata ikijisafisha, ilipaswa kungoja mpaka Google ipige hesabu upya. Kati ya toleo la mwezi wa kumi mwaka 2014 na lile la mwezi wa tisa mwaka 2016, ngojo hilo lilikuwa karibu miaka miwili. Kuna biashara ambazo haziwezi kuishi miaka miwili bila wateja wapya.

Toleo la 2016, Penguin 4.0, ndilo lilibadili mchezo. Tangu hapo kanuni inafanya kazi wakati wote, bila kungoja, na badala ya kuadhibu tovuti nzima kwa linki chafu, Google inasema inazinyima tu thamani. Kura ya wizi haihesabiwi, lakini mgombea hafukuzwi. Wahandisi wake wamerudia mara nyingi kwamba tovuti nyingi hazina haja ya kufanya lolote juu ya linki za ajabu ajabu. Wapo mafundi wasioamini maneno hayo, na si vibaya kuwa na mashaka kwa kampuni inayojitetea yenyewe. Lakini tazama upande wa pili: mwaka 2023, Bing ya Microsoft iliondoa kabisa chombo chake cha kukana linki. Isingekuwa inaweza kuchuja kura za wizi yenyewe, isingekiondoa.

Tarehe ndiyo shahidi

Basi ile hoteli yetu imeporomoka kwa sababu gani? Google inatoa bure chombo kinachoitwa Search Console, na mwenye tovuti yeyote anaweza kujiandikisha. Kinahifadhi takwimu za miezi 16 iliyopita. Kazi ya kwanza haiko kwenye linki, iko kwenye grafu hiyo: tafuta siku ambayo mteremko ulianza.

Kuna mistari ya kutofautisha hapo. Mmoja ni idadi ya watu waliobofya, mwingine ni mara ambazo tovuti ilionekana, na mwingine ni nafasi ya wastani. Ikiwa wabofyaji wamepungua lakini nafasi haikubadilika, hakuna aliyekushusha. Watu wenyewe ndio wamepungua. Kwetu jambo hili si la nadharia. Kuanzia tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu siku 20. Tovuti yenye wasomaji wa Goma, Beni na Lubumbashi iliporomoka bila adui yeyote kuigusa. Mnara wa simu ukizimika wiki moja kwa kukosa mafuta, grafu inaonyesha kitu kilekile kwa kipimo kidogo.

Ikiwa nafasi yenyewe ndiyo imeshuka, linganisha siku hiyo na orodha ambayo Google inachapisha ya mabadiliko ya kanuni zake, yenye tarehe za kuanza na kumalizika. Zikikutana, uwezekano mkubwa ni kwamba Google imepima upya makala zako na za wenzako, na linki za kasino zilikuwepo tu pembeni kama inzi sokoni. Karibu kila tovuti yenye miaka michache ina linki za namna hiyo.

Halafu kuna washukiwa wa nyumbani. Jina la tovuti lilikwisha muda na halikulipiwa. Jambo hilo ni jepesi kutokea Goma na Bukavu, ambako mabenki yalifunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, huku kampuni za nje zinadai kadi ya benki. Au fundi alibadilisha sura ya tovuti na kusahau kuondoa amri inayokataza Google kuingia. Au, na hili ndilo baya zaidi, tovuti imevunjwa kwa ndani. Andika kwenye Google neno «site:» likifuatwa na anwani yako bila nafasi katikati. Ukiona kurasa za dawa au za Kijapani ambazo hukuziandika, tatizo lako si linki za nje tena. Mwizi yuko sebuleni, na kumfukuza ni kazi nyingine: kubadilisha maneno yote ya siri, kusasisha WordPress na programu ndogo zilizounganishwa nayo, kurudisha nakala safi, kufuta watumiaji usiowajua.

Kuna swali moja ambalo wenye tovuti hawalipendi: je, zamani uliwahi kununua linki? Mwezi wa 12 mwaka 2022 Google ilitangaza hatua mpya dhidi ya linki za udanganyifu, na ikasema wazi kwamba faida iliyotoka kwa linki hizo itapotea. Aliyepandishwa na kura za kununua, kura hizo zikifutwa, anarudi pale alipostahili kuwa. Hakuna cha kurejesha hapo.

Pale ambapo ni shambulio kweli

Ndani ya Search Console kuna ukurasa wa adhabu zinazotolewa na wafanyakazi wa Google wenyewe, si kompyuta. Ukurasa huo ukisema kwamba kuna linki zisizo za kawaida zinazoelekea kwako, hapo huna sababu ya kubahatisha: kazi inaanza.

Pakua orodha yote ya linki. Ipange kwa tovuti zinakotoka, si kwa ukurasa mmoja mmoja, kwa maana tovuti moja chafu inaweza kutoa linki elfu. Tenga zile zinazojulikana: redio ya mtaa, chuo kikuu, shirika mliloshirikiana nalo, gazeti lililowahi kukutaja. Hizo usiziguse hata kama sura ya tovuti yao ni mbaya. Zinazobaki, andikia wenyewe kuomba waondoe, na hifadhi barua hizo. Wengi hawatajibu. Wengine watadai malipo, usilipe.

Ndipo kinakuja chombo cha kukana linki, ambacho Google ilikitoa tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka 2012. Ni faili la maandishi matupu. Kila mstari una anwani moja, au neno «domain:» likifuatwa na jina la tovuti nzima unayoikana. Mwisho ni mistari 100.000 na uzito wa megabaiti 2. Faili jipya linafuta la zamani, kwa hiyo anayetuma nyongeza peke yake anakuwa amefuta kazi yake ya kwanza. Matokeo hayaonekani kesho yake, kwa sababu Google inapaswa kupita tena kwenye kurasa hizo moja baada ya nyingine, na hiyo ni kazi ya wiki nyingi.

Google yenyewe inaonya kwamba chombo hiki kinaweza kuumiza tovuti, na maangamizi mengi yanatokea hapa. Mtu mwenye hofu anachukua programu inayotoa alama za «sumu», anakana kila kilichopakwa rangi nyekundu, na ndani yake mna linki za redio na chuo kikuu ambazo ndizo zilikuwa zinamshikilia juu. Mshambuliaji alileta takataka ambazo Google ingezipuuza. Mwenye nyumba ndiye aliyeng'oa nguzo.

Kwa aliye na adhabu ya wafanyakazi, hatua ya mwisho ni ombi la kufikiriwa upya: eleza kilichotokea, onyesha ulichokifanya, ambatanisha ushahidi. Jibu linaweza kuchukua siku kadhaa au wiki. Mfano wa mwendo wa haraka ni Rap Genius, tovuti ya Marekani ya kufafanua maneno ya nyimbo, iliyoshushwa siku ya Noeli mwaka 2013 kwa mpango wake wenyewe wa linki. Wahandisi wake waliandika programu ya kuwinda linki mbaya, wakaomba ziondolewe, wakakana zilizobaki. Tarehe 4 mwezi wa kwanza 2014 ilikuwa imerudi, ingawa si mara moja kwa nguvu ileile. Siku kumi. Lakini walikuwa na wahandisi na pesa. Hoteli ya Bukavu ihesabu miezi.

Vitisho na barua za uongo

Barua pepe za vitisho nazo zipo: lipa, la sivyo tutakurushia maelfu ya linki chafu. Kwa jinsi Google inavyozishughulikia linki hizo leo, mara nyingi anayetisha anauza woga tu. Usijibu, lakini itunze barua. Kanuni ya kidijitali ya nchi yetu, iliyotiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inaadhibu kuingia kwa siri ndani ya mifumo ya kompyuta za watu, na barua ni ushahidi hata kama mwandishi wake yuko mbali na mahakama za Congo.

Njia inayouma kuliko linki ni malalamiko ya uongo ya haki za mtunzi. Mshindani anaiandikia Google kwamba ukurasa wako umeiba kazi yake, na ukurasa unaondolewa. Mwezi wa 11 mwaka 2023 Google iliwashitaki mahakamani California watu wawili, ikiwatuhumu kutuma maelfu ya malalamiko ya namna hiyo yaliyolenga kurasa za tovuti zaidi ya 117.000, ili kuwaondoa washindani. Hapa kukana linki hakusaidii kitu. Taarifa ya kuondolewa inafika kwenye Search Console, na mwenye ukurasa ana haki ya kutuma pingamizi akieleza kwamba kazi ni yake. Tovuti ambayo haijaandikishwa Search Console inaweza kukaa miezi bila mwenyewe kujua kwamba ukurasa wake wa bei za vyumba umefutwa kwa barua ya mtu asiyemjua.