Runinga Ndogo na Maneno ya Wauzaji

Runinga kubwa inapoharibika na fundi akakata kauli kwamba kioo hakitengenezeki, familia nyingi za walimu hujikuta zikitafuta nyingine iliyo ndogo zaidi. Sababu hazifichiki: karo inangoja, nyumba mpya ina sebule finyu, au ile ya kwanza ilinunuliwa kwa mkopo ambao haupatikani kila mwaka. Ajabu ni kuwa mtu aliyekwenda dukani kwa nia ya kupunguza gharama aghalabu hurudi akiwa ameongeza, na silaha iliyotumiwa kumshawishi ni maneno. Maadamu kazi yangu ni kufundisha isimu, naona si vibaya tukiyachunguza maneno hayo kabla ya kuifungua mikoba yetu.

Uliza katika maduka ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi kwa nini runinga mbili za inchi 32 zina bei tofauti, na huenda ukajibiwa kwamba moja ina picha “ng’avu” zaidi. Katika lugha yetu ung’avu ni sifa ya mwanga na usafi. Twasema maji mang’avu na anga ng’avu. Kinachouzwa hapa sicho. Kinachouzwa ni idadi ya vitone, yaani pikseli, vilivyopangwa juu ya kioo kwa safu wima na safu mlalo. Runinga yaweza kuwa na vitone tele na picha yake ikafifia mchana dirisha likiwa wazi, ilhali nyingine yenye vitone vichache ikang’aa vyema. Afadhali tuseme “wingi wa vitone”, hata kama istilahi hiyo haina mvuto wa kibiashara.

Tuangalie hesabu. Runinga ndogo zilizoandikwa HD nyingi zina vitone 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo, jumla milioni moja na ushei. Zile za Full HD zina 1,920 kwa 1,080, yaani takriban milioni mbili. Za 4K zina 3,840 kwa 2,160, ambavyo ni zaidi ya milioni nane. Mwalimu wa hisabati atakuwa amekwisha kugundua hila iliyomo katika majina haya. Ile 1080 inayotajwa kila mara ni hesabu ya safu mlalo, lakini 4K ni hesabu ya safu wima, tena iliyopandishwa kidogo ili ifike elfu nne. Kipimo kilibadilishwa safari ikiwa katikati! Kwa kipimo cha awali, 1080 ingefuatwa na 2160, na mnunuzi angeona kwamba safu zimeongezeka maradufu, wala si zaidi.

Je, anayetoka kwenye inchi 43 na kushuka hadi inchi 32 anapoteza nini? Inchi hizo hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Kioo cha inchi 43 kina upana wa sentimita 95 hivi, na cha inchi 32 sentimita 71. Eneo la hiki cha pili ni kama asilimia 55 tu ya lile la kwanza. Sasa gawanya upana kwa idadi ya vitone. Katika inchi 43 ya Full HD kila kitone kina takriban nusu milimita. Katika inchi 32 ya HD ya kawaida, ile inayodharauliwa na wauzaji, kila kitone kina takriban nusu milimita vilevile. Kwa hivyo anayeketi kwenye kiti kilekile hataona picha yenye chembechembe kuliko aliyoizoea. Atakachokosa ni ukubwa. Nyuso zitapungua, na tafsiri zinazoandikwa chini ya filamu zitapungua kimo kwa robo nzima. Babu mwenye macho mazito atalalamika, na hakuna 4K itakayomtuliza, kwa sababu herufi ndogo ni ndogo hata ikichorwa kwa vitone milioni nane.

Jicho nalo lina kikomo chake. Mtu mwenye macho mazima hawezi kuvitenganisha vitone vya nusu milimita akiwa mbali kupita mita 1.8 hivi. Vile vya Full HD kwenye inchi 32 humpotea akifika mita 1.3, na vya 4K, kama ataipata 4K ya kimo hicho, humpotea karibu sentimita 63. Matokeo yake ni kinyume cha tunavyodhani. Mwenye sebule pana, ambaye viti vyake viko mita tatu kutoka kabatini, hahitaji kulipia Full HD kwa runinga hiyo ndogo. Mwanafunzi wa chuo aliyekodi chumba kimoja, ambaye kitanda chake ki mita moja tu kutoka kwa kioo, ndiye anayeihitaji. Ikumbukwe pia kwamba matangazo ya analojia yaliyozimwa nchini Kenya mwaka wa 2015 yalibeba picha kwa mistari 576 pekee. Rekodi za zamani zilizotokana nayo hazigeuki kuwa mpya kwa kuonyeshwa kwenye kioo cha 4K. Runinga hubuni tu vitone vya kujazia mapengo.

Palipo na haja ya kweli ya vitone ni pale runinga inapofanywa kioo cha tarakilishi, kama wafanyavyo walimu wanaojumlisha alama katika ofisi zao au kusahihisha insha zilizopigwa chapa. Hapo mtu huketi karibu, na anachotazama ni herufi. Katika muktadha huo nimekwisha kusikia sentensi moja ya hatari: “Hii inakubali 1080.” Kitenzi hicho kinaficha mengi. Runinga ya safu mlalo 768 yaweza kuupokea mtambo unaotuma safu 1,080, lakini hulazimika kuzibana ili zitoshee, na herufi nyembamba hutoka zikiwa na ukungu. Swali linalofaa ni kioo chenyewe kina vitone vingapi kwa upana na kimo, na jibu litafutwe katika kijitabu cha maelezo.

Anayetaka kuhakikisha na abebe kipakatalishi pamoja na waya wa HDMI hadi dukani, afungue jedwali la alama lenye herufi ndogo, kisha apime kwa hatua umbali wa kiti chake cha nyumbani na kusimama hapo. Filamu za samaki na maua zinazochezwa dukani ziliteuliwa na muuzaji, na samaki hana maandishi.