Mtoto Anapoanza Kucheza

Leo tunazungumza na wewe mwenye mimba ya miezi minne hadi sita.

Kichefuchefu kwa wengi kimepungua, tumbo limeanza kuonekana. Kati ya wiki ya 16 na ya 24 utamsikia mtoto akicheza. Kwa mimba ya kwanza huchelewa kidogo, usiogope. Wiki ya 24 ikifika hujamsikia, nenda kliniki.

Vidonge vya kuongeza damu hufanya choo kiwe cheusi. Si hatari, endelea. Meza kwa maji, si kwa chai.

Lakini ukitokwa na damu au maji, kichwa kikiuma sana, au macho yakiona ukungu, usisubiri siku ya kliniki. Hata usiku, amsha jirani, nenda hospitali.

Baba, na wewe umesikia.