Basoda wakifundishwa na Marekani, shimo letu litalindwa na nani?

Kwa mkutano wetu wa wachimbaji hapa Kalemie, mama mmoja anayesafisha mchanga wa koltani upande wa Nyunzu alisimama akauliza: «Wamarekani wakikuja kufundisha basoda na kuwapa bunduki, basoda wale wataondoka ku mashimo ao watazidi?» Watu wakacheka. Mimi sikucheka, sababu sikuwa na jibu. Nimelitafuta, na leo ninawaletea nilichopata.

Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano ya amani kule Washington. Tarehe 4 Desemba marais wenyewe walienda kuyathibitisha, na Kinshasa ikaandikiana na Marekani mapatano mengine yanayogusa madini. Tangu pale, kila mtu sokoni anasema: lityamu ya Manono inaenda, bunduki zinakuja. Lakini haiko mwepesi vile. Marekani ina sheria zinazofunga mkono wa serikali yake yenyewe, hata kama rafiki yake anasema yuko anatengeneza jeshi.

Sheria ya kwanza inaitwa sheria ya Leahy, kwa jina la seneta Patrick Leahy. Ilianza 1997. Inakataza kusaidia kikosi cha jeshi la nchi nyingine kama kuna habari za kuaminika kwamba kikosi kile kimeua raia, kimetesa, kimebaka ao kimepoteza watu. Angalieni neno lile: kikosi. Jeshi zima halifungiwi mlango. Kinachopimwa ni kikosi chenye jina, pamoja na komanda wake. Na serikali ikiwashitaki wenye kosa kwa kweli, mlango unaweza kufunguliwa tena.

Ya pili ni ya 2008, juu ya watoto wanaotiwa jeshini. Kila mwaka Marekani inatoa liste ya nchi zenye kosa hilo, na Kongo ilikuwa ndani ya liste ya kwanza kabisa, 2010. Nchi iliyo kwa liste inanyimwa aina nyingi za msaada wa kijeshi. Lakini sheria hii ina dirisha: rais wa Marekani anaweza kuiachilia kwa faida ya taifa lake. Oktoba 2010 Obama aliiachilia kwa Kongo, na sababu ilikuwa ileile tunayosikia leo: jeshi liko linatengenezwa, tusilikatie njiani.

Sasa sikieni ya batayo ya 391. Ilifundishwa na Wamarekani Kisangani mwaka 2010. Walisema itakuwa mfano kwa jeshi lote. Novemba 2012, M23 ilipokamata Goma, jeshi lilirudi nyuma mpaka Minova, Kivu ya Kusini. Umoja wa Mataifa ulihesabu wanawake 102 na wasichana 33 waliobakwa ao kutendewa ubaya wa namna ile na basoda wa serikali, pale na kandokando. Batayo ya 391 ilitajwa kati ya wenye kosa. Umoja wa Mataifa, wenye masharti yake wenyewe, ukaonya Kinshasa: hakuna tribinali, hakuna msaada kwa vikosi vile. Kesi ilifunguliwa Goma, watu 39 wakashitakiwa. Hukumu ya Mei 2014 iliwaacha wanawake wengi na machozi, ni wachache sana waliofungwa kwa kubaka. Hata hivyo, bila onyo lile, sidhani kesi ingefunguliwa.

Kwa hiyo masomo peke yake hayabadilishi soda. Ninasema hivyo pasipo kuchukia jeshi: mdogo wangu ni soda, na mshahara wake ninaujua.

Upande wetu wa mashimo, sheria ya Kongo yenyewe iko wazi. Code minier, kifungu cha 27, inakataza mwanajeshi na polisi kuwa na haki ya kuchimba. Na kariere ikionekana na basoda wanaotoza makuta, inaweza kuandikwa nyekundu, etiketi zinakatwa, negosia anakimbia. Hapo soda anahamishwa, mchimbaji njo analala njaa. Hilo linaniuma kuliko yote, na sheria ya Washington hailigusi hata kidogo.

Lakini Leahy inaweza kutusaidia kwa jambo moja. Inaishi kwa habari. Malalamiko ya «basoda walitupiga» hayafungi kikosi chochote. Inatakiwa tarehe, jina la kariere, namba ya kikosi, jina la komanda, watu walioona. Andikeni kwa kayé, pelekeni kwa watetezi wa haki za binadamu ao kwa sendika, na msitaje jina la shahidi kwa simu.

Juzi nilimpigia yule mama nikamweleza hivi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kikosi cha kwao kimebadilishwa wiki iliyopita, na komanda mpya hawajamjua jina. Akasema mtoto wake anauza sigara karibu na kambi, atauliza polepole. Nikamwambia hapana mama, mtoto asiulize kitu, ungoje mimi nifike.