Walimpasua tumbo, bega ndilo likamliza

Mimi ni mtu wa mashamba, nina lisansi ya agronomia, siyo munganga. Lakini mwaka jana nilimlinda yaya wangu hospitalini, na nilichojifunza pale kinaweza kumsaidia mtu wa kwenu.

Yaya alikuwa na mawe ndani ya kifuko cha nyongo. Walikitoa kwa matundu madogo 4, kwa kamera, bila kufungua tumbo lote. Kesho yake vidonda havikumsumbua sana, ila bega la kuume lilimliza. Mjomba akakasirika: "Balimupasua tumbo, sasa bega inauma juu ya nini? Hii ni sumu. Tumutoe hapa!" Ilibakia kidogo tumtoe kweli.

Muuguzi ndiye alituokoa. Alieleza kwamba ili kupata nafasi ya kuona, waganga wanajaza tumbo gazi ya CO2, ileile mimea inavuta wakati wa jua. Mwishoni wanaitoa, lakini kiasi kinabakia na kuchokoza ule msuli wa kupumulia unaotenga tumbo na kifua. Neva ya msuli huo inatokea shingoni, pamoja na neva za bega. Ubongo unachanganya, unasikia bega. Basi bega ni zima! Damu inanyonya gazi, inatoka kwa pumzi, na mara nyingi kisha siku 2 au 3 maumivu yanapungua.

Shida ingine ilikuwa yaya mwenyewe. Alificha vidonge chini ya mto, eti anaweka akiba ya maumivu makubwa. Hilo ni kosa. Mwenye maumivu anapumua juu juu, haamuki kitandani, na mapafu yanaweza kupata ugonjwa. Dawa inamezwa kwa saa yake, mbele maumivu hayajapanda. Mara nyingi ni parasetamoli pamoja na ibuprofeni, kwa kipimo cha munganga. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo ao mimba asiguse ibuprofeni bila kuuliza.

Ingine haiombi franka: kutembea polepole toka siku ya kwanza, kukumbatia mto tumboni ukikohoa, kitambaa cha moto begani. Na mbele ya operesheni, uliza munganga bila haya: mtaweka ganzi kwenye matundu? Mnaweza kutumia presha ndogo ya gazi? Mtaikamua vizuri mwishoni?

Lakini kuna maumivu ya kukimbiza hospitalini usiku uleule: tumbo linalozidi kuuma ao kuwa gumu, homa, macho ya manjano, kutapika bila kuacha, kifua kubana, pumzi kukosa. Hapo msiseme "ni gazi tu".

Siku ya 4 yaya aliomba bugali. Mjomba ndiye alimletea.