Chuma na Chumvi Njia Moja

Fundi bodi wa Tabora haamini rangi. Mpelekee lori linalong'aa, atakukaribisha vizuri, kisha ataingia uvunguni na nyundo ndogo aanze kugonga chesisi shubiri kwa shubiri. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mdundo mfupi usio na mwangwi, kama umegonga gunia la mahindi. Hapo fundi hutoa kichwa na kuuliza: "Mzee, hili limewahi kubeba chumvi?"

Ana sababu ya kuuliza. Ukiishika njia ya Kigoma unafika Uvinza, na Uvinza ni chumvi. Wanaakiolojia wameonyesha kwamba maji ya chemchemi zake yalikuwa yakichemshwa tangu karne ya 5 au ya 6. Zamani watu walitoka mbali wakati wa kiangazi kwenda kuipika, watemi wakitoza ushuru wao, na misafara iliyovuka mto Malagarasi ikitoa hongo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliibeba chumvi hiyo, wakabeba pia majembe ya wahunzi wa kaskazini, majembe yaliyokuwa mali hata ya kuolea. Miaka yote hiyo chuma na chumvi vilisafiri njia moja bila ugomvi, kwa kuwa vyote viwili vilipanda begani mwa mtu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, malori yakafuata, na sasa chumvi ikawa inapanda juu ya chuma.

Chumvi hunyonya unyevu hewani. Gunia hutoa jasho, jasho likapenya kati ya mbao za bodi na kutulia kwenye maungio ambako mkono haufiki. Vumbi la kiangazi hulifunika, mvua za Novemba huliamsha. Wenzetu wa Ulaya na wa Hokkaido, Japani, huimwaga chumvi wenyewe barabarani ili kuyeyusha theluji; ndiyo maana gari lililotumika huko huweza kushuka bandarini Dar es Salaam likiwa na sura ya bibi harusi na tumbo lililooza. Sisi theluji tunaisikia redioni tu, lakini kutu yake tunaijua.

Basi watu wamejiwekea taratibu zao. Lori likishusha chumvi, kazi ya kwanza ya utingo ni kufagia na kumwaga maji, hata kama dereva ana haraka. Kabla ya mvua uvungu hupakwa oili chafu kwa brashi au tambara. Inanuka, inachafua nguo na ardhi pia, lakini maji hayashiki. Palipotoboka huchomelewa kiraka cha bati nene. Puti ni ya watu wanaotaka kuuza, na fundi mwenye heshima zake atakwambia hivyo bila kupepesa.

Mkongwe wa kustaajabisha ni Land Rover. Zile za zamani, tangu ya kwanza ya mwaka 1948, zina bodi ya aluminiamu juu ya chesisi ya chuma. Kwa hiyo huliwa kutoka chini: milango mizima, fremu imekwisha. Mwenye nayo hapa hafikirii kuitupa. Atachomelea leo mguu huu, mwakani ule, spana mkononi mpaka wajukuu. Akipita mtani wake Mzaramo, kwa utani wa Wanyamwezi na Wazaramo uliozaliwa katika misafara ileile ya wapagazi, atamuuliza kama gari linakula chumvi nyingi kuliko familia. Hakuna anayekasirika.

Siku chesisi ikikataa kabisa kiraka, gari hugawanywa kama ng'ombe wa karamu. Injini inaenda kwingine, milango kwingine, bati linazungushwa kwenye banda la kuku. Springi za majani huenda kwa mhunzi. Chuma cha springi hizo ni kigumu na hutoa panga na jembe zuri.

Nawe ukija kununua lori la mkono wa pili Tabora, njoo na nyundo yako, na usihesabu fedha kabla hujalala chini.