Mvua Inyeshayo Uchindile

Mkulima wa mpunga wa Ifakara huweza kufurikiwa bila kuona tone la mvua. Mvua hunyesha juu, vilimani Uchindile na huko Mufindi, kisha mto Kilombero hujaa na maji kuingia majarubani. Anaziba kingo kwa tope na magunia, mpunga unapona. Hata hivyo, hutamsikia akisema mafuriko yaliletwa na upungufu wa magunia.

Wataalamu wa skizofrenia, ugonjwa wa akili, wao walilisema jambo la namna hiyo. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa dawa ya kloropromazini. Waliokuwa wakipiga kelele usiku kucha walitulia, na hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1963 Arvid Carlsson na Margit Lindqvist wa Sweden, wakitumia panya, walipata dalili kuwa dawa za aina hiyo zinaziba njia ya dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hupashana habari kwayo. Katikati ya miaka ya 1970 ikaonekana kwamba dawa inayovishika vipokezi vya dopamini kwa nguvu hutosha kwa dozi ndogo. Basi hesabu ikageuzwa: dawa inazuia dopamini, kwa hiyo ugonjwa ni dopamini kuzidi.

Si uongo mtupu. Amfetamini, inayomwaga dopamini, ikizidi humfanya mtu mzima wa afya aamini anafuatiliwa. Lakini klozapini huvishika vipokezi hivyo kwa ulegevu, nayo huwasaidia wengi walioshindikana kwa dawa nyingine. Ketamini nayo, ile ya chumba cha upasuaji, hugusa mfumo mwingine kabisa, wa glutamati, na bado huvuruga akili; muulize nesi yeyote wa upasuaji wagonjwa huzinduka wakisema nini.

Mwaka 2009 Oliver Howes na Shitij Kapur waliandika kwamba dopamini ni mahali njia nyingi zinapokutania: urithi, matatizo ya uzazi, bangi, mateso ya maisha. Mimi nawaelewa kwa mto wangu: dopamini ni Kilombero, si mvua. Joanna Moncrieff wa London anakwenda mbali zaidi. Kwake dawa hairekebishi kasoro yoyote. Inaleta hali yake yenyewe, kama pombe inavyompa ulimi mwenye haya. Naona amepitiliza, ila swali lake, kama dawa hurekebisha kitu au hufunika tu, halijajibiwa vizuri.

Sasa mfikirie mama anayeteremka na treni ya TAZARA kutoka Uchindile, akimleta kijana wake mwenye skizofrenia Ifakara kuchomwa sindano ya mwezi. Kijana hatukani tena majirani. Sauti bado anazisikia, ila hazimwamrishi. Mikono inamtetemeka, na siku nzima anakaa kimya barazani bila kugusa jembe. Ukimya huo sindano haiuondoi. Kwa mganga walishapita, na huenda watapita tena. Juli McGruder, aliyechunguza maisha ya familia za wagonjwa Zanzibar miaka ya 1990, alikuta dawa za hospitali na imani ya pepo vikikaa nyumba moja bila ugomvi.

Ukimwambia mama huyo kemikali za mwanawe zimezidi, atangoja zipungue apone, kama malaria. Ukimwambia habari ya magunia, atauliza jambo gumu zaidi: “Na mvua ikikatika, tuyatoe?” Nesi mkweli atamjibu kwamba wapo waliopunguziwa polepole wakabaki salama, kwamba wengi walioacha walirudiwa ndani ya mwaka, na kwamba hakuna kipimo cha damu cha kumwonyesha mapema mwanawe yuko kundi gani.