Sikio la Mtoto Halingoji



Mtoto akitokwa na usaha masikioni, mara nyingi husemwa kwamba atapona akikua. Utafiti uliofanywa kwa panya unatuonyesha hasara ya kungoja.

Panya huzaliwa hasikii. Huanza kusikia akiwa na siku 12 hivi. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Douglas Webster na Molly Webster, walitangaza matokeo ya kuzuia sauti isiwafikie vizuri panya wachanga. Walipopima ubongo wao, waliona kuwa seli zinazopokea sauti kutoka sikioni zilikuwa ndogo kuliko za panya wenzao waliosikia. Ubongo ulikosa sauti, basi haukukua ipasavyo. Mwaka 1983 Douglas Webster alieleza kuwa panya waliozuiliwa sauti wakiwa wamekwisha kukomaa hawakupata upungufu huo. Kumbe umri ndio unaoamua.

Mtoto si panya, na ubongo wake hukua kwa miaka mingi. Hata hivyo, miaka ya mwanzo ndiyo ya kujifunza lugha. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuzuilika, kama vile maambukizi ya masikio, surua, rubela na homa ya uti wa mgongo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela kwa pamoja mwaka 2014.

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusikia mwaka 2017. Lakini kutoka Magamba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Nauli ya kufika Mpanda mjini mapema ni nafuu zaidi.

Kwa hiyo tunaziomba kamati:

- ziwatambue watoto wenye usaha masikioni au wasiogeuka wanapoitwa, na kuwapeleka zahanati bila kuchelewa;
- ziwahimize wazazi kukamilisha chanjo;
- zihakikishe kuwa mtoto kiziwi anajifunza lugha ya alama mapema, kwani ubongo wake nao unahitaji lugha. Shule ya viziwi ya Tabora, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, ni ushahidi kuwa kazi hiyo inawezekana.

Wafadhili wetu, nauli na dawa za mapema ni msaada mdogo wenye faida ya maisha yote.